Al-Ghazali na Ibn Rushd Mbele ya Darasa

Walimu wenzangu, leo nina zoezi moja tu. Wanafunzi wawili wasimame mbele, mmoja awe Al-Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyewakosoa wanafalsafa, mwingine awe Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyemjibu, wajadiliane kama kweli kitu kimoja husababisha kingine.

Wanazuoni hawa hawakuonana kamwe. Ghazali alifariki mwaka 1111. Ibn Rushd alizaliwa Cordoba, Hispania, mwaka 1126. Mjadala wa ana kwa ana haupo popote, hivyo mwanafunzi hana cha kukariri. Inambidi aujenge.

Anzeni na mfano wa pamba na moto. Ghazali anasema: moto ukiigusa, pamba huungua, lakini macho yetu yameona mambo mawili yakifuatana, basi. Hayakuona kwamba moto ndio ulioiunguza. Muunguzaji ni Mungu, naye akitaka, pamba itasalimika. Ibn Rushd anajibu kwa ukali: anayekana sababu ameikana akili, maana kukijua kitu ni kuzijua sababu zake.

Hapo mwacheni "Ghazali" ajitetee. Mwenye pupa atasema Mungu anaweza yote, na mjadala utafia hapo. Aliyesoma atakumbuka kwamba Ghazali alijiuliza mwenyewe: ikiwa ni hivyo, nitajuaje kwamba kitabu nilichokiacha nyumbani hakijageuka kuwa kijana? Akajibu kwamba Mungu ametujaalia kujua kuwa mambo hayo, ingawa yanawezekana, hayatokei. Ndivyo kawaida ilivyopangwa. Je, jibu hilo linatosha? Mimi naona Ibn Rushd anamzidi hapa, lakini silisemi darasani kabla ya wanafunzi kuchoka kubishana.

Sharti langu ni hili: hakuna kupinga kabla hujaieleza hoja ya mwenzako hadi yeye mwenyewe akiri, "Ndivyo nilivyosema." Wakubwa hawa walitangulia kulitimiza. Ghazali aliandika kitabu kizima kueleza tu wasemayo wanafalsafa, tena kwa uaminifu mkubwa. Kilipotafsiriwa Kilatini, nakala nyingi zikakosa dibaji yake, na wasomaji wa Ulaya wakamdhania kuwa ni mmoja wa wanafalsafa hao. Ibn Rushd naye aliyaweka maneno ya Ghazali kipande baada ya kipande, ndipo akajibu.

Basi msitoe alama kwa makofi wala kwa ukubwa wa sauti. Toeni kwa maelezo ya hoja ya mpinzani. Na nafasi ya Ibn Rushd mpeni yule aliyeingia darasani akimshabikia Ghazali. Kipindi kikifika nusu, wabadilishane.