Shaba ya Felipe III na mfuko wa mlalahoi

Ndugu zangu, nitaanzia pale ninapoanzia kila nikipewa nafasi ya kusema: ukitaka kujua mfalme aliwatendea nini raia wake, achana na dhahabu yake. Tazama shaba. Shaba ndiyo iliyonunua mkate.

Castilla, ufalme mkuu wa Hispania, 1599. Mfalme Felipe III anaruhusu sarafu ndogo zitengenezwe kwa shaba tupu, bila yale madini ya fedha kidogo yaliyokuwa yakichanganywa. 1602 uzito unakatwa nusu. Haya mnayajua. Ila mwaka 1603 watu huupita mbio, na mimi siupiti. Amri ilitoka kwamba wenye sarafu za zamani za maravedí (kipimo kidogo cha pesa ya Castilla) mbili na nne wazipeleke kwenye karakana za mfalme. Tuseme muuza samaki ana sarafu 100 za maravedí nne. Anazipeleka, zinagongwa alama ya VIII, yaani nane. Kisha anarudishiwa 50 na nauli yake. Hesabu ni ileile, maravedí 400. Lakini sarafu 50 zimebaki kwa mfalme, naye hakuongeza hata chembe ya shaba!

Kuna atakayeniambia, "Mwalimu, muuza samaki huyo hajapoteza kitu." Amepoteza! Mfalme naye anaingia sokoni na zile 50, bidhaa ni zilezile, bei zinapanda. Mwenye sarafu za fedha alizifungia sandukuni. Kibarua aliyelipwa shaba angefungia nini? Mwingine atauliza, "Na madini ya fedha yaliyoletwa kutoka Amerika je?" Yalishadaiwa kabla meli hazijatia nanga: na wenye benki wa Genoa, Italia, na majeshi ya mfalme huko Flandes, Ubelgiji ya leo. 1607 Hazina ikasimamisha malipo ya madeni.

Padri Mjesuiti Juan de Mariana aliandika mwaka 1609 kwamba kupunguza thamani ya sarafu bila ridhaa ya raia ni kuwatoza kodi wasiyoikubali. Akafungwa, mzee wa zaidi ya miaka 70! Huyu anastahili mhadhara wake peke yake, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi kwa haraka. 1608 mfalme aliliahidi bunge la Cortes kwamba hatatengeneza tena shaba kwa miaka 20. 1617 kazi ikaanza upya. 1626 ikasitishwa. Agosti 1628, chini ya Felipe IV, thamani ya shaba ikashushwa nusu kwa amri moja: aliyelala na maravedí nane akaamka na nne.