Bei ya Kujifungua na Saa Nane ya Usiku

Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, mama zangu, na kina baba ambao leo mmejitokeza wengi kuliko nilivyozoea, nawashukuru kwa kunialika. Mmenipa kichwa cha mazungumzo kinachouliza kama mama ajifungulie hospitali ya serikali au ya binafsi, na mmeniomba nitoe jibu. Wanaonifahamu hapa Mwanga, mjini Kigoma, wanajua kuwa swali hilo nimeulizwa kanisani, sokoni, ndani ya daladala na hata msibani, na kila mara nimelijibu kwa swali jingine: saa nane ya usiku, mama akianza kuvuja damu, nani atakuwepo mahali hapo, atakuwa na nini mkononi, na hatua itakayofuata italipiwa na nani?

Naomba tuanze na hesabu moja ambayo sitaiacha hata mkichoka kuisikia. Katika kila wajawazito 100, takribani 15 hupata tatizo linaloweza kutishia maisha: kuvuja damu, kifafa cha mimba, uchungu pingamizi (mtoto kukwama njiani), maambukizi. Baadhi yao huonesha dalili mapema kliniki, lakini wengine huingia chumba cha kujifungulia wakiwa wazima kabisa, wamekula, wanataniana na wauguzi. Wataalamu hukadiria kwamba mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili hivi asipopata msaada. Sasa, mnapofika mapokezi ya kituo chochote na kuuliza kujifungua ni shilingi ngapi, bei mnayotajiwa ni ya wale 85. Karani hajawadanganya, mmemuuliza bei ya uzazi wa kawaida, naye amewajibu. Ila hakuna kati yenu anayejua kama mkewe yumo katika wale 85 au katika hawa 15, na mimi niliyepima matumbo maisha yangu yote ya kazi sijui pia.

Kijana mmoja anayeuza dagaa pale Kibirizi aliwahi kuniletea karatasi ya hesabu kutoka kituo kimoja cha binafsi, ambacho sitakitaja kwa sababu vya namna hiyo vipo vingi. Mstari wa kwanza ulikuwa kufungua faili, wa pili kumwona daktari, kisha kitanda, glavu, maji ya dripu, mpira wa mkojo, dawa ya kuongeza uchungu, uangalizi wa usiku, na "huduma ya mtoto", ingawa mtoto alikuwa bado hajazaliwa. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, yaliongezwa mafuta ya gari. Kituo hicho hakikuwa na chumba cha upasuaji. Uchungu ulipokwama alfajiri, walimpakia mama garini wakampeleka hospitali ya serikali, ambako alifanyiwa upasuaji, na yeye na mtoto wakatoka salama. Kijana alikuwa na swali moja tu kwangu: je, anaweza kurudishiwa fedha za ile huduma ya mtoto? Nilicheka, naye akacheka, lakini kibubu alichokuwa akikijaza tangu mkewe apate mimba kilikuwa kimeshavunjwa, na nauli ya kuwarudisha nyumbani ilibidi akaikope kikundini.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi watu wa Kigoma katika mambo mengine hatudanganyiki kirahisi. Mtu anayepanda boti kwenda Kalya hajali imepakwa rangi gani. Anauliza kama kuna injini ya akiba na kama maboya yanatosha. Mtu huyohuyo, akienda kumtafutia mkewe mahali pa kujifungulia, anaangalia vigae, televisheni ya mapokezi na shuka zenye maua. Ulizeni mambo yenye uzito. Je, chumba cha upasuaji kinafunguliwa usiku, au ni cha Jumatatu hadi Ijumaa? Mtaalamu wa usingizi analala wapi, na simu yake inapatikana? Damu ipo hapahapa kwenye jokofu, au ndugu watatumwa kuitafuta kwingine? Sindano ya oksitosini, ile inayosaidia mfuko wa uzazi kusinyaa ili damu isimame, inatakiwa kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Je, umeme ukikatika jokofu linawashwa na nini? Katika mkoa ulioishi kwa majenereta miaka mingi, swali hilo la mwisho si la kiburi. Na maswali hayo ni ya wote. Zahanati ya serikali ikijibu hapana, imejibu hapana, na jengo lenye bango la serikali halizuii damu kuliko jengo lenye bango la mtu binafsi.

Najua yupo anayesema moyoni kwamba huyu mama ni mtu wa serikali, anatetea mwajiri wake wa zamani, na kwamba serikalini ndiko wazazi wanakofia. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba mama aliyekwama kwingine hupelekwa huko dakika za mwisho, na akifariki anahesabiwa huko, wakati alikochelewa panabaki pasafi. La pili ni refu, na Mwenyekiti anajua kuwa siwezi kulifupisha.

Miaka ya 1980, hospitali yetu ya mkoa hapa Kigoma ilikuwa na hali ya kutisha. Vifo vya uzazi vilihesabiwa kuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Alikuwepo daktari anayeitwa Godfrey Mbaruku, ambaye baadaye alifanya kazi na Taasisi ya Afya ya Ifakara, na ambaye wazee wa hapa bado wanamkumbuka. Yeye na wenzake hawakuanza kwa kuomba jengo jipya. Walianza kwa kupitia kifo kimoja kimoja na kuuliza ni nini kilichokosekana: kifaa, dawa, damu, au mtu aliyepaswa kuwepo na hakuwepo. Kutokana na majibu hayo waliandaa hatua 22, ambazo nyingi zilitegemea vitu vilivyokuwa tayari mkoani na watumishi waliokuwa tayari kwenye orodha ya mishahara. Kila mtumishi akajua wajibu wake, namna ya kumhudumia mama ikawekewa utaratibu unaofuatwa na wote, na kazi ikawa inatathminiwa mara kwa mara. Kufikia mwaka 1991 idadi ilikuwa imeshuka hadi 186. Hospitali ileile, ya umma, yenye shida zilezile za bajeti ambazo mtu yeyote mwenye umri wangu anazikumbuka, ilipunguza vifo hivyo hadi chini ya robo. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1995 na inasomwa na wanafunzi wa nchi ambazo hazijui Kigoma iko upande gani wa ziwa. Sisi wenyewe hatuijui, na tunaendelea kuambiana kwamba serikalini hakuna kinachowezekana.

Sasa atanyanyuka mwingine aseme, "Lakini mama, ule ulikuwa ubora wa mtu mmoja, na mimi namtaka daktari bingwa, ambaye nitampata kwa fedha yangu." Umtake, si vibaya. Lakini hapa mkoani miaka mingi kisu cha uzazi kimeshikwa zaidi na madaktari wasaidizi kuliko madaktari wenye shahada, sembuse mabingwa. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Mwanza na Kigoma ulilinganisha kazi ya madaktari wasaidizi na ya madaktari wenye shahada, na matokeo kwa kina mama hayakuonesha tofauti ya maana. Kuanzia mwaka 2006 mradi mkubwa uliofadhiliwa na shirika la hisani la Bloomberg Philanthropies, na hapa kwetu kusimamiwa na shirika la Thamini Uhai, ulijengwa juu ya msingi huohuo: kuwafundisha watumishi waliopo na kuwawezesha kufanya upasuaji katika vituo vya afya, ili mama asisafirishwe usiku kucha kutafuta bingwa. Kwa hiyo jina la bingwa lililobandikwa mlangoni halinitoshi. Nataka kujua anakuja siku gani. Kama ni Jumatano saa tisa alasiri, basi umenunua Jumatano saa tisa alasiri.

Tuje kwenye neno "bure", ambalo limewaumiza watu wengi kwa sababu kila upande unalielewa kwa namna yake. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema huduma za wajawazito katika vituo vya umma ni bure. Mama anafika kliniki, anapewa orodha: glavu, pamba, mpira wa kutandika, nyembe, uzi au kibana cha kitovu, kanga safi, beseni. Dawa ikiwa imekwisha ghalani, mume anatumwa duka la ng'ambo ya barabara. Mimi sitawaficha hilo wala sitalipamba. Vifaa vikikosekana kituoni, hilo ni deni ambalo serikali inadaiwa na mama huyo, na mnayo haki ya kulidai kwa diwani wenu na kwenye kamati ya afya ya kituo, ambako wawakilishi wenu hukaa kimya kikao kizima kisha wakaja kulalamika kwangu. Lakini wakati mnadai, wekeni fedha. Mtu aliyejiandalia fedha za vifaa, nauli ya dharura na chakula cha msindikizaji ametumia sehemu ndogo tu ya gharama za kituo cha binafsi. Aliyekuja mikono mitupu kwa sababu redio ilisema bure atakopa usiku, na anayekopa usiku hachagui masharti. Mkiambiwa mlipe kitu, dai risiti. Anayeomba "ya chai" hana risiti, na hapo ndipo mnapomtambua.

Nikifika hapa huwa nasikia sauti za kina mama nyuma: serikalini tunatukanwa. Ni kweli, na nimeona kwa macho yangu wenzangu wakimfokea mtu aliye katikati ya uchungu, jambo ambalo idadi ya wagonjwa haiwezi kulihalalisha. Mama anayekimbilia kwa binafsi ili aitwe "mama" na afungiwe pazia hafanyi anasa. Anatafuta heshima aliyopaswa kuipata popote. Hata hivyo, ipo dawa iliyojaribiwa hapahapa mkoani. Katika baadhi ya vituo vyetu mama aliruhusiwa kuwa na ndugu yake wa kike ndani ya chumba cha kujifungulia, wa kumshika mkono, kumpa maji na kumwita muuguzi. Ulizeni kama kituo chenu kinaruhusu. Ndugu aliyekaa pale haongezi shilingi kwenye hesabu, na mbele yake maneno makali hupungua sana.

Msisahau pia kwamba kati ya serikali na binafsi kuna hospitali za mashirika ya dini, kama Kabanga na Heri, ambazo wazee wetu walizaliwa humo kabla vituo vya binafsi havijafika mkoani. Huko mnachangia gharama, ila mnapata pia upasuaji. Anayeishi karibu nazo kuliko alivyo karibu na Maweni, hospitali yetu ya mkoa, asipoteze muda kujadili umiliki.

Kuhusu upasuaji wenyewe niseme kwa haraka, kwani naona saa. Kituo kinacholipwa zaidi kwa kisu kuliko kwa subira kina kishawishi, nami sisemi kwamba kila daktari anakiangukia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba kiwango cha upasuaji katika jamii kikishapita asilimia 10, vifo vya kina mama na vichanga haviendelei kupungua kwa sababu yake. Ukiambiwa utapasuliwa wakati huna uchungu wala tatizo, uliza sababu na uombe iandikwe kwenye kadi, kwa sababu kovu kwenye mfuko wa uzazi litaifuata kila mimba utakayobeba baadaye.

Bima nilitaka kuizungumzia kwa kirefu lakini muda haupo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kabla hujaitegemea kadi yoyote, nenda nayo kituoni ukaulize kama inapokelewa mwezi huu, kwa maana Machi 2024 wenye kadi za mfuko mkubwa, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), walikataliwa katika hospitali kadhaa za binafsi kutokana na mgogoro wa bei. Namba 115 ni ya dharura ya usafiri wa wajawazito na vichanga, haitozi salio; iandikeni nyuma ya kadi ya kliniki leo. Na baada ya kujifungua, mama abaki kituoni saa 24 hata kama kitanda kinalipiwa na hata kama wodi imejaa, kwani damu inaweza kuanza upya mkiwa mmeshafika nyumbani.

Habari ya vichanga na ile ya wanaotoka vijiji vya mwambao wa Uvinza zimebaki kwenye karatasi yangu, na Mwenyekiti ameshanionesha saa mara mbili. Yule mama mwenye kanga ya bluu amenyoosha mkono tangu nilipotaja vigae. Naomba apewe kipaza sauti.