Dakika Kumi Boyana, Alasiri Nzima Plovdiv

Assalaam aleikum, ndugu zangu mlioko nyumbani. Juma lililopita mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulikuwa Bulgaria, nami naanza na Kanisa la Boyana, lililo chini ya mlima Vitosha, pembezoni mwa Sofia. Ndani hairuhusiwi kupiga picha, kwa hiyo mtaona kuta za nje tu, yaliyomo nitawasimulia.

Wageni huingia kwa makundi madogo na kukaa dakika 10 tu, kwa sababu pumzi na joto la miili yetu huharibu michoro ya mwaka 1259 iliyojaa ukutani. Nilidhani nitakuta watakatifu wenye nyuso zinazofanana. La, hasha! Mfadhili wa kanisa, Kaloyan, ameshika mkononi mfano mdogo wa kanisa lenyewe akimkabidhi Mtakatifu Nikola, na mkewe Desislava amesimama na mavazi yake ya fahari, uso wake mpole na hai kiasi kwamba binti yangu alininong'oneza, "Mama, huyu anatutazama." Mchoraji hakuacha jina ambalo sote tungelitaja leo, lakini aliwajua watu aliowachora, na hilo ndilo lililonigusa kuliko umri wa jengo.

Plovdiv, mji mwingine wa Bulgaria, hakuna aliyetuhimiza kutoka. Katika mji mkongwe, ghorofa za juu za nyumba za karne ya 19 hutokeza juu ya vichochoro vya mawe hadi zikakaribia kugusana. Tulikaa zaidi katika nyumba ya Stepan Hindliyan, mfanyabiashara wa Kiarmenia ambaye jina lake la ukoo linatokana na biashara yake na India. Kutani mwake imechorwa miji ya mbali, na katika chumba kimoja mna chemchemi ya marumaru iliyokuwa ikitoa maji ya waridi ili nyumba inukie.

Hapo, ndugu zangu, nilimkumbuka bibi yangu wa Lamu, aliyewapokea wageni kwa mrashi mkononi, na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chumba chake zilizopangwa vyombo vya kauri vilivyoletwa na bahari hiyo hiyo ya India. Niliwaeleza watoto zidaka ni nini, nikaona maneno hayatoshi. Basi Desemba, Mungu akipenda, tutakuwa Lamu, na kamera itaanzia chumbani kwa bibi.