Dakika Mbili za Hazadi Getini

Ndugu wazazi na walimu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Mazungumzo ya usalama wa watoto getini huwa yanaanza na bodaboda. Leo nitawaweka kando, ingawa ile mishikaki ya watoto watatu bila kofia siwasamehe. Nataka tujiseme sisi wenye magari.

Mwaka jana, saa moja kasorobo asubuhi, nilisimama hapo nje, juu ya kivuko cha pundamilia, hazadi zinawaka. Si dakika mbili tu? Mwanangu akashuka, akawahi namba. Nikaweka rivasi. Ghafla nikasikia kofi la nguvu kwenye buti, yule mama wa vitumbua anapiga kelele, “We baba, simama!” Nikashuka. Nyuma ya gari kachuchumaa binti wa darasa la kwanza, anaivuta chupa yake ya maji iliyobiringikia uvunguni. Kwenye kioo sikuwa nimeona kitu, na nisingeona: hata akisimama, buti linampita urefu. Akaifuta chupa kwa sketi, akaniambia, “Shikamoo,” akaingia ndani. Nilishindwa kuitikia.

Basi hazadi ni taa za gari lililoharibika au lililopata dharura. Kumshusha mtoto si dharura. Na gari likikaa juu ya pundamilia, mtoto anayevuka kwa miguu inabidi achungulie katikati ya magari mawili. Dereva anayepita anamwona akiwa tayari barabarani. Kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja inaweza kwisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 30 ni mita 8 na kidogo. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la usalama barabarani la mwaka 2020 lilitaka mwendo usizidi 30 pale magari yanapochanganyika na watembea kwa miguu.

Halafu mlango. Kwetu tunaendesha kushoto, lakini mtoto anashukia mlango wa kulia, kwenye magari yanayopita, kwa sababu ndiko alikokaa!

Hapa hapa Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani la Amend limeshughulikia barabara za shule nyingi za msingi: matuta, njia za waenda kwa miguu, vigingi vya kuzuia magari. Mpango wao huo, unaoitwa SARSAI, ulipata mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute. Mimi kilichonivutia ni kitu cha fundi wa mtaani kabisa: kuna mahali walihamisha geti tu, likatazama barabara tulivu.

Sisi hata fundi hatumhitaji. Geti la nyuma lipo, linatokea kwenye kichochoro ambacho gari halipiti. Lilipigwa kufuli wakati wa ujenzi wa vyoo, na vyoo vilikwisha zamani. Wenye magari tushushie kule uwanja wa mpira, watoto wamalizie kwa miguu na wenzao. Watalalamika vumbi la viatu, najua, na wangu atakuwa wa kwanza.

Mwalimu mkuu ameninong’oneza kuwa ufunguo uko kwenye droo ya ofisi yake. Wanaokubali wanyooshe mikono, aende akaulete.