Mgeni wangu alikula kachumbari tupu

Asalaam aleikum, hamjambo nyote huko nyumbani, Tanga, Muheza, Pangani. Leo naongea nikiwa jikoni hapa Hamburg, mbaazi ziko motoni, kwa hiyo mkiniona nageuka geuka mnivumilie.

Kwetu mgeni haulizwi anakula nini. Ukimuuliza ataona unampimia. Unapika, unaandaa, unamkaribisha, basi. Nimelelewa hivyo, nikaja nalo huku.

Mwaka jana niliwaalika wenzangu wa kazini, Ijumaa jioni. Mume na mke Wajerumani, na dada mmoja wa Ethiopia ninayeingia naye zamu. Nikapika pilau ya ng'ombe, kilo 2 za nyama, supu yote nikaimalizia kwenye mchele. Sambusa za nyama. Maharage nikayaunga kwa samli. Pilau nikaipalilia kwenye oveni, maana kwenye fleti makaa utayaweka wapi? Saa moja kamili, hata dakika haijazidi, kengele ikalia. Wajerumani hao, maua mkononi, na mimi bado nina kanga ya jikoni.

Tukakaa. Yule dada akajipakulia kachumbari. Nikamsogezea pilau, akatabasamu, akashukuru. Nikamsogezea tena, kama tufanyavyo. Halafu nikamwona anakata nyanya kwa uma, vipande vidogo vidogo, anakula polepole ili asimalize kabla ya wengine. Alikuwa ananisitiri mimi mwenye nyumba.

Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, ukiondoa zile siku 50 baada ya Pasaka. Ijumaa ni kwa ajili ya kusulubiwa kwa Yesu. Nyama hawagusi, wala maziwa, siagi, mayai. Samli yangu ilikuwa imeingia hadi kwenye maharage! Jamani, iliniuma. Mimi Mwislamu, najua kufunga ni nini, nimempangia mtu aliyefunga meza nzima ya nyama.

Na yule bwana wa Kijerumani naye. Alisema hapana, asante, nikajua ni aibu ya mgeni, nikampakulia tena. Akala yote. Nikaongeza, akala tena, jasho linamtoka. Huku mtu akisema hapana ameshiba kweli, na kubakiza chakula kwenye sahani wengi wao wanaona ni kukitupa. Nilidhani namkirimu, kumbe namtesa.

Sasa nauliza. Siku 3 kabla napiga simu: kuna kitu huli, au kinachokudhuru? Hakuna anayeona napima, wanafurahi kwamba nimewafikiria. Na mimi nasema langu mapema, kwamba kwangu pombe haiingii, kwa sababu huku mtu akialikwa mara nyingi hubeba chupa ya mvinyo, sitaki afedheheke mlangoni.

Dada alipokuja tena, ilikuwa Ijumaa vilevile. Nilipika wali wa nazi, mbaazi za nazi na mchicha wa nazi. Vyakula vya kwetu kabisa, tone la maziwa ya ng'ombe hamna! Tui la kopo si kama la kukuna kwa mbuzi, lakini linafaa. Nikatoa birika na beseni, tukanawa, tukala kwa mkono. Katikati ya maongezi akafinyanga tonge la wali na mbaazi, akanyoosha mkono, akanitia mdomoni. Kwao wanaita gursha, unamlisha mtu unayempenda na kumheshimu. Nilitafuna huku machozi yananilenga. Tangu bibi yangu afariki hakuna aliyenilisha tonge.

Ijumaa ijayo nina wageni wanne, mmoja karanga zinamdhuru vibaya, hata harufu yake anaiogopa. Na mimi nimetamani kisamvu. Mama zangu mnaokipika bila karanga, mnaweka tui la kwanza wakati gani ili kiwe kizito?