Kumfundisha Mgeni Kusimulia kwa Kiswahili: Mwili Kwanza, Ulimi Baadaye

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo ninakuonyesha namna ya kumwezesha mgeni anayejifunza Kiswahili asimulie kisa kizima kwa kinywa chake, hata kama mpaka jana alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Kwanza, sogeza madawati ukutani, wanafunzi wasimame kwa mduara. Chagua vitenzi vichache vinavyotendeka: kuamka, kuchota, kujitwika, kuteleza, kuanguka. Tamka "chota" huku ukiinama na kata mkononi. Wao watende bila kusema lolote. Mwanasaikolojia James Asher wa Marekani, aliyeieneza njia hii tangu miaka ya 1960, alisisitiza kwamba mwanafunzi asilazimishwe kusema kabla hajawa tayari, nami naona kwamba ukimya huo ndio tunaouvunja mapema mno.

Pili, ita hadithi: "Paukwa!" Wakiitikia "Pakawa!", simulia polepole huku ukitenda: "Hapo zamani za kale palikuwa na msichana mmoja. Siku moja aliamka, akachukua ndoo, akaenda kisimani, akachota maji, akajitwika, akateleza, akaanguka." Sasa warudie nawe, wakipiga hatua moja mbele kwa kila -ka-. Ukiieleza -ka- ubaoni, mgeni ataiandika daftarini na kuisahau; akiitembea, miguu yake yenyewe inamwonyesha kwamba tendo moja limefuata jingine. Akikwama baada ya "akachota", usimtajie neno. Inua mikono yako kichwani kama mtu aliyeshika ndoo, kisha usubiri. Mara nyingi "akajitwika" hutoka lenyewe.

Tatu, wagawe wawili wawili: mmoja asimulie, mwenzake atende kile tu alichokisikia. Hatua hii ipe muda mrefu kuliko zote. Msimulizi akisema "akamtwika" badala ya "akajitwika", mwenzake atamwekea jirani ndoo kichwani, na msimulizi atajisahihisha mwenyewe kabla hujafungua kinywa. Ndoo iwe tupu, bila shaka.

Nne, kila mmoja aendeleze kisa kuanzia "akaanguka". Nani alipita njiani? Maji yalimwagikia wapi?

Kipindi kinachofuata, waketi na wasimulie bila kusimama. Utaona mikono ya baadhi yao ikipanda kichwani wanapofika kwenye "akajitwika", usiwazuie.