Paul Hindemith na swali la kijana wa tuba

Haya jamani tuanze, mlioko mlangoni njooni mbele huku kuna viti. Mmeniita niongee habari za Paul Hindemith, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, na wengi wenu mshanisikia nikimsema huyu mtu mara nyingi, basi leo mtanisikia tena, manake kila akitajwa mahali watu wanakimbilia Wanazi, Wanazi, kama vile mtu alizaliwa 1934. Hao Wanazi ntawafikia muda ukiruhusu. Leo naanza na huyu kijana aliyekaa pale na tuba yake mapajani, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito.

Mwaka jana baada ya mazoezi alinifuata akaniuliza, mwalimu, hivi mimi nitapiga lini wimbo wangu? Wenye tarumbeta wana wimbo, wenye tromboni wana wimbo, mimi toka nianze ni pu, pu, pu chini yao. Sikuwa na jibu siku ile. Nikarudi nyumbani nikafungua nota za Hindemith.

Sasa huyu alitokea wapi. Hanau, karibu na Frankfurt, Ujerumani, 1895. Baba yake fundi rangi wa nyumba, mzee mkali kweli kweli, aliwafundisha wanawe watatu muziki tangu wadogo akawazungusha kupiga mbele za watu. Paul akashika vaiolini, akaingia chuo cha muziki pale Frankfurt, na ili apate hela akawa anapiga kwenye sinema na kwenye madansi. 1915 akiwa na miaka 19 akaingia okestra ya opera ya Frankfurt, na mwaka huo huo baba yake akauawa vitani. Yeye mwenyewe akaja kuchukuliwa jeshini, akapiga ngoma kubwa kwenye bendi ya kikosi, na jioni walikuwa wanne wanampigia kamanda wao muziki wa nyuzi. Siku moja mwaka 1918 wako katikati ya kazi ya mtunzi Debussy, akaingia afisa wa mawasiliano kusema redio imetangaza Debussy kafariki. Wakaacha hapo hapo. Debussy ni Mfaransa, na hawa ni askari wa Kijerumani wako vitani na Ufaransa! Yaani mtu aliyekaa kwenye kiti kile siku ile, huwezi kumwambia muziki ni wa kukaa kwenye kabati.

1927 akawa profesa wa utunzi Berlin. Na hapa ndo napotaka mnisikilize, manake wengi mnaofundisha mnaliruka hili. Mtunzi aliyekuwa juu kwenye jumba la tamasha Berlin alikaa chini akaandika muziki wa watoto, wa watu wasio na mafunzo makubwa, wa yeyote mwenye chombo chake nyumbani. 1930 akatunga mchezo wa watoto kujenga mji, na akasema wazi kwamba ule ni wa watoto wenyewe kuucheza na kujifunza, sio wa kuwafurahisha wazazi waliokaa kwenye viti.

Alafu June 1932 akaenda Plön, mji mdogo kaskazini mwa Ujerumani, penye shule ya bweni ndani ya kasri. Akawaandikia wale wanafunzi muziki wa siku nzima. Siku nzima jamani! Asubuhi matarumbeta na tromboni yanapigwa juu mnarani, nyie mnaojua matarumbeta ya alfajiri ya Pasaka usharikani kwetu mnanielewa, mwili unasisimka kabla hujafungua macho vizuri. Mchana watu wako mezani wanakula, kuna muziki wa mezani. Ikafuata kantata, yaani muziki wa kuimbwa na vyombo, ya kuwahimiza vijana wajibidishe na muziki, na jioni tamasha lenye kila kitu, mwenye klarineti na mwenye vaiolini wana kipande chao wawili, filimbi za mbao tatu zina chao. Kila kitu kimeandikwa kwa kufuata vyombo na uwezo wa watoto waliokuwepo pale, na vyombo vingine kaviacha kwa hiari, vikiwepo sawa, visipokuwepo muziki unaenda. Ukiwa na nota zile mkononi unamwona mtu kabisa kwenye mstari, huyu mtoto anajua sana kampa kazi, huyu ndo anaanza kampa noti nne tu na amekaa pazuri.

Kuna mtu atasema, mwalimu hiyo ni kazi ya shule, mtunzi mkubwa hapotezi muda hivyo. Mimi jibu hilo linaniudhi, na ntalijibu kwa London. January 1936 Hindemith kaenda kule kupiga viola, ndugu mkubwa wa vaiolini, usiku wa tarehe 20 mfalme George wa Tano akafariki na programu yote ikavurugika. Kesho yake BBC wakampa chumba, akakaa kuanzia saa 5 asubuhi mpaka saa 11 jioni, akatoka na muziki wa maombolezo wa viola na nyuzi, akaupiga yeye mwenyewe redioni na Adrian Boult akiongoza. Mwishoni kaweka koralo, yaani wimbo wa kanisani, ya Kilutheri, na ikawa sauti ile ile Waingereza wanaiimba toka utotoni. Unadhani mkono wa namna hiyo unatoka wapi? Ni mkono uliozoea kuandika kwa ajili ya watu walio mbele yake leo.

Naona naonyeshwa saa. Haya, Wanazi: Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, akamshambulia hadharani 1934, kazi zake zikapigwa marufuku 1936, na mke wake baba yake alikuwa Myahudi. Uturuki aliitwa kuanzia 1935 kuwasaidia kupanga elimu ya muziki, hiyo peke yake ni mhadhara. 1938 Uswisi, 1940 Marekani, akafundisha chuo kikuu cha Yale mpaka 1953, kule akawa anapiga na wanafunzi muziki wa kale kwa vyombo vya kale. Akarudi Uswisi, akafariki Frankfurt December 1963.

Nisilolikata ni hili. Miaka yote hiyo ya kuhama alikuwa anaandika sonata, yaani kazi ya chombo kimoja na piano au chenyewe, chombo kimoja kimoja. Fagoti 1938, tarumbeta na kinubi 1939, tromboni 1941, besi ile kubwa ya nyuzi 1949. Na 1955, akiwa mzee wa karibu miaka 60, tuba na piano. Na hakumrahisishia mpiga tuba, mwendo wa tatu una wimbo unaopita sauti zote 12, yaani funguo zote za piano nyeupe na nyeusi kabla hazijaanza kujirudia.

Kijana wangu kaufanyia mazoezi miezi 7. Simama baba, njoo hapa karibu na piano. Zimeni simu.